Cha Zamani Kiko Wapi? Usalama wa Vibandiko vya Dawa, Kuanzia Kubandika Hadi Kutupa

Ni Ijumaa asubuhi. Muuguzi wa tiba shufaa anafika nyumbani kwa mama mtu mzima mwenye saratani. Kwa miezi kadhaa mama huyu alikuwa akitumia morfini ya maji. Mwezi uliopita, kumeza kulipokuwa taabu, daktari alimbadilishia dawa na kumwandikia kibandiko cha fentanili kinachobadilishwa kila baada ya siku tatu. Binti yake, ambaye ndiye anayemuuguza, anampokea mgeni kwa uso mkunjufu. "Karibu, dada. Tangu jana jioni mama analala vizuri mno. Nilimbandika kipya jana asubuhi, na namshukuru Mungu, maumivu yametulia."

Muuguzi anakaa ukingoni mwa kitanda. "Shikamoo, mama." Jibu linachelewa, na linapokuja ni zito. "Marahaba, mwanangu." Kisha mgonjwa anafumba macho tena. Muuguzi anahesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima: ni nane. Hapo anamgeukia binti na kumuuliza swali moja tu: "Cha zamani kiko wapi?"

Binti ananyamaza. Wanamgeuza mgonjwa kwa pamoja. Kipya kiko kifuani, upande wa kulia. Cha zamani, kile cha Jumatatu, bado kimeshikamana na ngozi ya mgongo, chini ya bega la kushoto, mahali ambapo mtu hakioni asipokitafuta. Kwa siku nzima mwili wa mama umekuwa ukipokea dawa kutoka sehemu mbili. Usingizi ule ulioshukuriwa haukuwa wa nafuu. Ulikuwa dalili ya dawa iliyozidi.

Kisa hiki ni cha mfano. Si cha nyumba moja wala cha mtu mmoja. Hata hivyo, kosa linalosimuliwa humo ni la kweli na linajulikana. Mwaka 2010 mamlaka ya kusimamia dawa ya Uingereza, MHRA, ilitoa tahadhari kuhusu vibandiko vya rivastigmini, dawa wanayopewa watu wenye ugonjwa wa kusahau, kwa sababu kulikuwa na wagonjwa waliobandikwa kipya bila cha zamani kubanduliwa. Dawa ilikuwa nyingine na ugonjwa mwingine, lakini kosa lilikuwa lile lile. Mafunzo mengi hukazia namna ya kubandika. Makala haya yanahusu pia nusu ya pili ya kazi hiyo, yaani kubandua, kutupa na kuandika, kwa kuwa huko ndiko madhara mengi huanzia.

Si plasta, ni ghala la dawa

Katika lugha ya kila siku watu wengi hukiita kibandiko cha dawa "plasta". Jina hilo ni jepesi kutamka, lakini lina hatari yake. Plasta ya kawaida hufunika kidonda. Ikisahauliwa siku mbili, hasara yake aghalabu ni uchafu. Kibandiko cha dawa ni ghala dogo. Ndani yake mna dawa ya siku moja, tatu au saba, na ngozi ndiyo mlango ambao dawa hiyo hupitia kidogo kidogo hadi kwenye damu.

Teknolojia hii si changa. Kibandiko cha kwanza cha namna hii kiliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1979. Kilikuwa cha skopolamini, dawa ya kuzuia kichefuchefu cha safarini, na hubandikwa nyuma ya sikio. Baadaye vilifuata vya nitrogliserini kwa maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, vya nikotini kwa wanaoacha sigara, vya homoni, vya rivastigmini, na vya dawa kali za maumivu za jamii ya morfini, yaani fentanili na buprenofini. Faida zake ni kubwa. Mgonjwa asiyeweza kumeza hupata dawa, kiwango cha dawa katika damu hakipandi na kushuka kwa ghafla, na mlezi hahitaji kuamka usiku kutoa dozi.

Lakini namna kibandiko kinavyofanya kazi huleta mambo mawili ambayo kila mlezi anapaswa kuyafahamu. La kwanza, dawa huchelewa kuanza. Kibandiko cha kwanza cha fentanili huweza kuchukua saa 12 hadi 24 kabla ya nguvu yake kuonekana ipasavyo, kwa kuwa dawa hujikusanya kwanza ndani ya ngozi. Ndiyo sababu kibandiko hakifai kwa maumivu ya ghafla, kama yale ya jino au ya baada ya upasuaji. La pili, dawa huchelewa kuisha. Kibandiko kikishabanduliwa, ngozi yenyewe huendelea kuachilia dawa iliyojikusanya humo, na kiwango cha fentanili katika damu huweza kuchukua saa 20 hivi, au zaidi, kushuka hadi nusu. Kwa hiyo anayembandua mgonjwa aliyezidiwa na dawa ameanza kumsaidia tu; hajamaliza.

Aidha, kila kibandiko kina saa zake, na saa za kimoja haziwi saa za kingine. Fentanili hubadilishwa kila baada ya saa 72. Rivastigmini hubadilishwa kila baada ya saa 24. Baadhi ya vibandiko vya buprenofini hukaa siku saba. Nitrogliserini aghalabu hukaa saa 12 hadi 14, kisha mwili hupumzishwa, kwa sababu ukizoeshwa dawa hiyo mfululizo huacha kuitikia. Lidokeini hukaa saa 12 kisha huondolewa kwa saa 12. Atakayekumbuka kanuni moja na kuitumia kwa vibandiko vyote atakosea. Kanuni sahihi ni ile iliyoandikwa na daktari na kuthibitishwa na karatasi iliyomo ndani ya boksi.

Kabla ya kufungua pakiti

Swali la kwanza linahusu mtu mwenyewe: je, kibandiko hiki ni chake? Fentanili ina nguvu inayokadiriwa kuwa mara 50 hadi 100 ya morfini, na kwa sababu hiyo hupimwa kwa maikrogramu. Mwongozo wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, unasema kibandiko cha fentanili ni cha mgonjwa ambaye mwili wake umekwisha kuzoea dawa za jamii hiyo. Kwa mfano, aliyetumia angalau miligramu 60 za morfini ya kumeza kwa siku, kwa muda wa wiki moja au zaidi. Mtu ambaye hajawahi kuzitumia anaweza kuacha kupumua kwa kibandiko ambacho jirani yake anakivaa na kuendelea kusimulia hadithi. Kuazimana dawa ni desturi inayotokana na huruma. Katika vibandiko hivi, huruma hiyo huweza kuua.

Swali la pili linahusu dawa nyingine. Katika ukanda wetu hili lina uzito wa pekee. Ritonaviri, inayotumika katika baadhi ya mipango ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, pamoja na baadhi ya dawa za fangasi kama flukonazoli, huzuia ini kuivunja fentanili, na dawa hiyo hujaa katika damu. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hufanya kinyume: huharakisha kuvunjwa kwake, na maumivu hurudi. Hatari hujificha zaidi mgonjwa anapomaliza rifampisini, kwani kiwango cha fentanili huweza kupanda ilhali hakuna aliyebadilisha kibandiko. Pombe na dawa za usingizi nazo huongeza hatari ya kupumua kwa shida. Kila badiliko la dawa, hata la dawa isiyohusiana na maumivu, lifikishwe kwa anayesimamia kibandiko.

Swali la tatu ndilo lile la muuguzi wetu: cha zamani kiko wapi? Swali hili huulizwa kabla pakiti mpya haijafunguliwa. Baadhi ya vibandiko ni vyembamba na vina rangi inayokaribia kutoonekana. Mwaka 2013 FDA iliwataka watengenezaji wa vibandiko vya fentanili wachapishe jina na nguvu ya dawa kwa wino unaodumu na unaoonekana wazi, kwa sababu ya vibandiko vilivyosahaulika mwilini au kudondoka bila kuonekana. Kwa hiyo macho peke yake hayatoshi. Mgonjwa akaguliwe kwa mwanga mzuri, kifuani, mgongoni, mikononi, ubavuni na kwenye makunyanzi ya ngozi, na mkono upitishwe taratibu kuhisi ukingo wa kibandiko. Ukaguzi ufanywe kwa staha. Mgonjwa aombwe ridhaa, aelezwe kinachofanyika, na afunikwe kanga au shuka sehemu zisizokaguliwa.

Kama cha zamani hakionekani, jibu si "pengine kilidondoka". Kitafutwe kama sindano iliyodondoka inavyotafutwa: kwenye mashuka, ndani ya nguo, chini ya kitanda, bafuni.

Kubandika

Mahali panapofaa hutegemea dawa. Kwa fentanili ni ngozi bapa ya kifua, mgongo, ubavu au mkono wa juu. Kwa mtoto, au mtu mzima aliyechanganyikiwa na anayeweza kukibandua, mgongo wa juu ni salama zaidi, kwa kuwa mkono wake haufiki. Ngozi isiwe na kidonda, upele, kovu jipya wala alama ya mionzi. Mahali papya pawe tofauti na pa zamani. Kwa rivastigmini, sehemu ile ile isirudiwe kabla ya siku 14.

Ngozi ioshwe kwa maji matupu na kukaushwa kabisa. Sabuni, spiriti, losheni na mafuta ya nazi havifai mahali hapo. Baadhi yake huiudhi ngozi, baadhi huathiri namna dawa inavyopenya, na mafuta huzuia gundi isishike. Palipo na nywele zikatwe kwa mkasi. Wembe huacha mikwaruzo ambayo hugeuka njia ya mkato kwa dawa. Kisha kibandiko hutolewa katika pakiti na kutumika papo hapo. Utando wa nyuma huondolewa bila kugusa upande wenye gundi, na kibandiko hukandamizwa kwa kiganja kwa sekunde 30, kingo zake zikihakikiwa zimeshika pande zote. Vidole vilivyogusa gundi huoshwa kwa maji mengi bila sabuni. Mlezi asiguse macho kabla ya kunawa; skopolamini iliyobaki kidoleni, kwa mfano, huweza kutanua mboni na kulitia jicho ukungu.

Kibandiko cha fentanili hakikatwi ili kupata nusu dozi. Kukikata huharibu namna dawa inavyotoka na huweza kuimwaga yote kwa pamoja. Vipo vichache, kama vya lidokeini, ambavyo maelezo yake huruhusu kukatwa. Ruhusa hiyo haihamishiwi kwa vingine. Kibandiko kilichochanika au kilichovuja hakitumiki.

Katika joto na jasho la pwani, kingo huweza kuinuka. Utepe wa hospitali unaweza kutumika kuzishikilia pembeni. Kama kibandiko cha fentanili kimedondoka kabisa, kipya hubandikwa mahali pengine na saa 72 huanza kuhesabiwa upya. Mgonjwa anaweza kuoga kwa maji ya uvuguvugu, ila dodoki lisipite juu ya kibandiko.

Joto na desturi ya kukanda

Hakuna nyumba nyingi ambamo mgonjwa mwenye maumivu hakandwi. Kitambaa huchovywa katika maji ya moto, hukamuliwa, na mkono wa mtu anayempenda mgonjwa hukishusha kwenye mgongo unaouma. Tendo hili lina heshima yake. Lakini juu ya kibandiko cha dawa, joto hutanua mishipa ya damu na kuharakisha dawa kupenya. Dozi iliyokusudiwa siku tatu huanza kuingia kwa kasi ambayo daktari hakuipanga. Chupa ya maji ya moto, blanketi la umeme, kukaa karibu na jiko au kuanikwa juani kwa muda mrefu huleta matokeo hayo hayo.

Joto la mwili wenyewe nalo lina nafasi. Kwa makadirio yaliyomo katika maelezo ya dawa, joto la mwili likipanda hadi nyuzi 40 za Selsiasi, kiwango cha fentanili katika damu huweza kupanda kwa takriban theluthi moja. Katika mazingira ya malaria, maana yake ni kwamba homa kwa mgonjwa mwenye kibandiko ni jambo la kupigiwa simu siku hiyo hiyo. Familia isikatazwe kukanda kwa amri kavu. Ielezwe sababu, kisha ionyeshwe njia nyingine ya kumfariji mgonjwa: kumpangusa kwa maji ya uvuguvugu mbali na kibandiko, kumsugua miguu taratibu, kumgeuza na kumkalia karibu.

Jambo moja zaidi linawahusu wanaompeleka mgonjwa kwenye vipimo. Baadhi ya vibandiko vina utando wa alumini mgongoni, na mwaka 2009 FDA ilitahadharisha kwamba utando huo huweza kuunguza ngozi ndani ya mashine ya MRI. Mtoa huduma wa kipimo aambiwe mapema kwamba mgonjwa ana kibandiko, hata kama kimefichwa na nguo.

Kubandua

Siku ya kubadilisha, mpangilio ni mmoja: cha zamani kwanza, kipya baadaye. Ukingo huinuliwa taratibu na kibandiko huvutwa kwa kufuata usawa wa ngozi huku mkono wa pili ukiishikilia, hasa kwa wazee ambao ngozi yao huchanika upesi. Gundi iliyobaki huondolewa kwa maji. Mafuta ya taa, petroli na spiriti, ambavyo baadhi ya watu hutumia kuondolea gundi, huiumiza ngozi na havifai.

Baada ya kubandua, ngozi itazamwe. Vitabu vingi hueleza mzio kwa neno "wekundu", lakini katika ngozi nyeusi wekundu huweza usionekane. Cha kutafutwa ni uvimbe, joto, malengelenge, mwasho, au sehemu iliyogeuka kuwa nyeusi zaidi kuliko ngozi iliyo jirani. Alama hafifu inayotoweka baada ya muda mfupi aghalabu ni ya gundi. Inayoenea au inayodumu iripotiwe.

Kibandiko kilichobanduliwa si takataka tupu. Hata baada ya siku tatu, cha fentanili hubaki na kiasi kikubwa cha dawa, cha kutosha kumdhuru mtoto. Mwaka 2012 FDA ilieleza matukio 26 ya watoto waliofikiwa na fentanili kwa bahati mbaya kupitia vibandiko, yaliyoripotiwa katika muda wa miaka 15. Watoto 10 walifariki na 12 walilazwa hospitalini. Kati ya hao 26, watoto 16 walikuwa na umri wa miaka miwili au chini ya hapo. Mtoto wa umri huo hutambaa sakafuni na hutia mdomoni kila anachokiokota. Kwake kibandiko ni karatasi yenye rangi. Na si lazima akiokote. Kibandiko kilicholegea huweza kuhama kutoka ngozi ya bibi hadi ngozi ya mjukuu aliyelala naye kitanda kimoja au aliyebebwa kifuani. Katika nyumba ambamo mjukuu hulala na bibi yake, mpango wa kulala nao ni sehemu ya matibabu.

Kwa hiyo kibandiko kilichotumika hukunjwa mara moja, upande wenye gundi ukigusana na wenyewe, hadi kishikamane. Kinachofuata hutofautiana kwa nchi. FDA inashauri kibandiko cha fentanili kilichokunjwa kitupwe chooni na kusukumwa na maji papo hapo, kwa sababu hatari ya kumfikia mtoto inahesabiwa kuwa kubwa kuliko hatari kwa mazingira. Kwingineko, wagonjwa huelekezwa kuvirudisha kwa mfamasia. Kanuni ni mbili, sababu ni moja: kisibaki mahali ambapo mkono mwingine unaweza kukifikia. Mfamasia na familia wakubaliane njia ya kutupa siku ile ile dawa inapotolewa, kabla kibandiko cha kwanza hakijafika nyumbani. Hadi wakati wa kurudishwa, vibandiko vilivyokunjwa viwekwe ndani ya chombo chenye kifuniko kigumu, juu, kwenye kabati linalofungwa, pamoja na vipya. Shimo la taka la wazi uani, ambako watoto hucheza na kuku hupekua, si mahali pake.

Kuandika, na saa ya Kiswahili

Kumbukumbu nzuri ina mambo sita: jina la dawa, nguvu yake, mahali ilipobandikwa, siku na saa, mahali cha zamani kilipobanduliwa, na jina la aliyefanya kazi hiyo. Mchoro mdogo wa mwili, mbele na nyuma, wenye alama ya mahali kibandiko kilipo, humsaidia hata mlezi asiyesoma vizuri. Karatasi hiyo ikae na mgonjwa na imfuate hospitalini.

Saa iandikwe kwa ukamilifu. Mlezi akiandika "8" kwa maana ya saa nane mchana, na mhudumu akaisoma kama saa mbili asubuhi kwa hesabu ya saa ya hospitali, wamepishana saa sita. Basi iandikwe "saa 8 mchana" au "14:00", na wote wanaomhudumia mgonjwa wakubaliane kutumia hesabu moja. Kwa kibandiko cha saa 72, siku nazo ziorodheshwe mapema kwenye kalenda: Jumatatu, Alhamisi, Jumapili, Jumatano, na kuendelea. Tarehe na saa zinaweza pia kuandikwa juu ya kibandiko kabla ya kukibandika, kwa kalamu laini isiyotoboa.

Mahali pa kuteleza zaidi ni pale mikono inapobadilishana: muuguzi wa mchana na wa usiku, wodi na nyumbani, dada aliyesafiri na kaka aliyemshika zamu. Anayekabidhi asiseme tu "kibandiko kipo". Wawili hao wakitazame kwa pamoja mwilini, wasome jina na siku, ndipo zamu ihesabiwe kuwa imekabidhiwa.

Dalili za hatari

Kwa vibandiko vya jamii ya morfini, dalili za dawa kuzidi ni usingizi mzito usio wa kawaida, mgonjwa kuamka kwa shida au kutoamka, pumzi chache au hafifu, mkoromo mgeni, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya kalamu, kuchanganyikiwa, na ngozi kuwa baridi na yenye jasho. Familia ifundishwe kuhesabu pumzi kwa dakika nzima wakati mgonjwa yu salama, ili ijue hali yake ya kawaida kabla siku ya shida haijafika.

Dalili hizo zikionekana, vibandiko vyote hubanduliwa, mgonjwa hulazwa ubavu, hupewa sauti na kuguswa ili aendelee kupumua, na hupelekwa kwenye kituo cha afya mara moja, pamoja na boksi la dawa. Asiachwe peke yake. Hospitalini, naloksoni hurudisha pumzi, lakini nguvu yake huisha mapema kuliko fentanili iliyobaki ndani ya ngozi; kwa hiyo mgonjwa aliyeamka na kuomba uji bado anahitaji kuangaliwa kwa saa 24 au zaidi. Mtoto aliyegusa, aliyetafuna au aliyemeza kibandiko hukimbizwa hospitali hata kama anaonekana mzima, asitapishwe.

Kinyume chake pia kina madhara. Mgonjwa asiyebadilishiwa kibandiko kwa wakati hurudiwa na maumivu, hutokwa jasho, hutetemeka na kukosa utulivu. Hofu ya dawa isiwe sababu ya kumnyima nafuu. Kibandiko kikitumiwa kwa mpango, humruhusu mgonjwa kukaa barazani, kuzungumza na wajukuu na kulala usiku.

Wakati wa kumwosha marehemu

Kuna hatua ambayo husahaulika kwa sababu hakuna anayependa kuitaja. Mgonjwa anapofariki nyumbani, kibandiko hubaki mwilini na dawa hubaki ndani yake. Wanaofika kumwosha marehemu, aghalabu ndugu na majirani, hawajui kipo. Mikono yao huloweshwa, na kibandiko huweza kuangukia nguoni au sakafuni katika nyumba iliyojaa watu na watoto. Muuguzi au mlezi awatangulie: avae glavu, abandue vibandiko vyote, avikunje, aandike idadi yake, na akusanye vilivyobaki kabatini ili virudishwe. Ikiwa kifo kinahitaji uchunguzi, vibaki vilipo na wahusika wajulishwe. Kuyasema haya kwa familia mapema, kwa sauti ya chini na wakati ufaao, ni sehemu ya kumheshimu mgonjwa.

Mama wa kisa chetu alibanduliwa vibandiko vyote viwili, akapelekwa hospitali, na akaangaliwa huko hadi siku iliyofuata. Aliporudi nyumbani, binti alitundika kalenda ukutani karibu na kitanda, na katika kila siku ya kubadilisha akachora visanduku viwili: cha kwanza cha kubandua, cha pili cha kubandika. Muuguzi aliporudi Alhamisi iliyofuata hakuuliza swali lake. Binti alimtangulia, akashusha kopo kutoka juu ya kabati, akafungua kifuniko, na kumwonyesha kibandiko kilichokunjwa. "Cha zamani hiki hapa, dada. Sasa tufungue kipya."